Baada ya mafuriko: niliyojifunza Oltepesi kuhusu kurudisha huduma za afya na kuzuia maradhi

Maji yaliyoingia nyumba za Kitengela mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei 2024 hayakuishia Kitengela. Mto Athi ukishapita huko hushuka Tsavo, huitwa Galana, kisha Sabaki, na mwisho humwagika baharini kaskazini ya Malindi. Kwa hivyo mtu wa Pwani akisikia Kajiado imefurika asiseme hayo ni mambo ya bara. Maji ni yale yale, na tope ndilo lile tunaloliona likigeuza bahari yetu rangi ya chai ya maziwa.

Mimi ni mzaliwa wa upande huo wa Sabaki, na kazi yangu ni uuguzi. Masika ya 2024 yalinikuta Oltepesi, Kajiado Magharibi, kando ya barabara iendayo Magadi. Maji ya Oltepesi hayafiki kwetu. Huishia huko huko chini, Bonde la Ufa. Lakini niliyoyaona pale ni yale yale ambayo Tana Delta, Garsen, Magarini na Malindi huyaona kila mvua zinapozidi. Nayaandika ili yawe akiba ya kusomwa kabla ya mvua nyingine.

Ilivyokuwa

Oltepesi ni jina la mti kwa Kimaasai, ule mgunga wenye kichwa kipana kama mwavuli. Ni nchi kavu. Mwaka mwingi watu hulia na ukame, na waliokuwepo watakwambia jinsi misimu mitano ya mvua ilivyokosekana mfululizo kuanzia mwisho wa 2020, mifugo ikafa kila mahali. Nchi ya namna hiyo ikipata mvua nyingi, udongo haumezi. Makorongo yaliyokuwa njia ya mbuzi asubuhi, jioni ni mito. Barabara ikikatika kwenye korongo moja tu, dawa, gari la wagonjwa na mafuta ya jenereta vyote hubaki ng'ambo.

Mwaka ule nchi nzima ilikuwa taabuni. Karibu watu 300 walikufa Kenya katika mafuriko ya Machi hadi Mei, na zaidi ya 50 kati yao walikufa usiku mmoja Mai Mahiu, tarehe 29 Aprili. Kitengela Msalaba Mwekundu waliwatoa watu majumbani kwa mashua. Na yote hayo yalitokea madaktari wa hospitali za umma wakiwa kwenye mgomo ulioanza tarehe 14 Machi na kumalizika tarehe 8 Mei. Sisemi nani alikuwa na haki. Nasema tu kwamba mafuriko hayangoji mazungumzo yaishe, na mzigo wote ulianguka kwa wauguzi na wahamasishaji wa afya ya jamii waliokuwa vijijini.

Kosa langu

Nianze na kosa, maana ndilo lililonifundisha zaidi. Kituo kidogo nilichokuwa nikihudumu kiliingia maji usiku. Asubuhi sakafu ilikuwa tope hadi kifundo cha mguu, maboksi ya dawa ya chini yameloa, friji ya chanjo haina umeme. Mimi, kwa haraka zangu, nikaona kazi ya kwanza ni kulirudisha jengo. Siku mbili tukafagia, tukasugua, tukaanika madaftari. Mlango niliufunga, nikaandika kwa chaki kwamba huduma zitarudi siku ya tatu.

Siku ya tatu alfajiri akaja mama mmoja na mtoto mgongoni. Nikamsalimia, "Takwenya," akaitikia kwa sauti ndogo. Mtoto alikuwa ameharisha tangu juzi. Macho yameingia ndani, ngozi ya tumbo ukiivuta hairudi haraka, hana machozi. Mama alikuwa amekuja jana yake, akakuta mlango umefungwa, akarudi. Mzee aliyemsindikiza akaniambia, "Daktari, wewe ulikuwa unaosha nyumba, na sisi tulikuwa tunakunywa silanga."

Silanga ni bwawa la kuchimbwa, linywewalo na watu na ng'ombe. Mafuriko yalikuwa yameosha nchi nzima, samadi, vinyesi na mizoga, na kuvimwaga humo. Bomba lilikuwa limevunjika, na watu hawakuwa na maji mengine. Mtoto yule alipona, namshukuru Mungu, lakini hakupona kwa sababu ya sakafu yangu safi. Alipona kwa maji ya chumvi na sukari yaliyotolewa kijiko kwa kijiko chini ya mti. Hayo ningeweza kuyatoa tangu siku ya kwanza.

Siku hiyo nikatoa meza nje, nikaiweka chini ya mgunga. Huduma zikaanza pale.

Maradhi huja kwa zamu

Watu hudhani baada ya mafuriko maradhi yote huja pamoja. Hayaji hivyo, na ukijua zamu zake utajua cha kutayarisha.

Siku za kwanza ni majeraha: kukatwa na mabati na vioo, kuvunjika, kuumwa na nyoka. Nyoka naye hukimbia maji akatafuta mahali pakavu, napo ni ndani ya nyumba na chini ya magodoro. Kidonda kilichoingia tope kioshwe kwa maji safi na sabuni, na mwenye nacho achomwe sindano ya pepopunda. Aliyeumwa na nyoka asifungwe kamba wala asichanjwe kwa wembe. Mguu utulizwe usitikisike na mgonjwa apelekwe hospitali.

Kuanzia siku chache hadi wiki mbili ni zamu ya kuharisha. Kipindupindu kinaweza kumshika mtu ndani ya saa chache baada ya kunywa maji machafu, na kwa kawaida hakipiti siku tano. Homa ya matumbo huchelewa kidogo. Pia huja kikohozi na homa ya mapafu, hasa kwa watoto wanaolala wengi katika chumba kimoja cha shule au msikiti.

Wiki ya nne hadi ya nane ni malaria. Mafuriko yenyewe mwanzoni huosha viluwiluwi, watu wakasema mwaka huu hakuna mbu. Maji yakitulia na kubaki madimbwi, mbu hurudi kwa wingi. Ndiyo maana chandarua kilichopotea kwenye mafuriko kirudishwe mapema, kabla watu hawajaanza kulalamika.

Na kwa nchi za wafugaji kuna zamu nyingine, Homa ya Bonde la Ufa, ambayo nitaieleza mbele.

Maji kwanza

Kipimo kinachotumika duniani wakati wa maafa ni lita 15 za maji kwa kila mtu kwa siku, za kunywa, kupika na kuoga. Choo kimoja kisizidi watu 20, ingawa siku za mwanzo hukubaliwa hata 50. Choo kiwe angalau mita 30 kutoka kisimani, na shimo lake lisiyafikie maji ya ardhini. Hilo la mwisho sisi wa Pwani tulisikie vizuri, kwani mahali pengi kwetu ukichimba kidogo tu unakuta maji, na kisima na choo vimekaa jirani miaka na miaka.

Maji ya tope usiyatie dawa hivyo hivyo. Dawa ya klorini humalizwa na uchafu kabla haijaua vijidudu. Yaache yatulie, kisha yachuje kwa kitambaa kisafi kilichokunjwa mara nne au zaidi. Kule Bangladesh, utafiti uliotolewa mwaka 2003 ulionyesha vijiji vilivyochuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa vilipunguza kipindupindu kwa karibu nusu. Sari kuukuu ilishinda mpya, kwa sababu nyuzi zake zimelegea na matundu yamezibana. Kwetu leso ya zamani itafanya kazi hiyo. Lakini kuchuja peke yake hakutoshi. Baada yake tia dawa ya maji kama ilivyoandikwa kwenye chupa, koroga, ngoja nusu saa ndipo unywe. Asiye na dawa achemshe hadi maji yatokote sawasawa, angalau dakika moja.

Kisha yahifadhi kwenye mtungi wenye mdomo mwembamba na kifuniko. Nimeona maji yaliyotiwa dawa vizuri yakaharibiwa na kikombe kimoja kilichoingizwa na mkono mchafu.

Mtoto anapoharisha

Hili kila nyumba ilijue kwa moyo. Kama pakiti za chumvichumvi za dukani au za zahanati zipo, tumia hizo. Kama hazipo, chukua lita moja ya maji safi, tia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote viwe vya kusawazisha, si vya kulundika. Onja: yasiwe na chumvi kuzidi machozi. Mpe mtoto kidogo kidogo, akitapika ngoja dakika 10 uendelee. Ziwa la mama lisikatizwe. Chakula kisikatizwe. Vidonge vya zinki vitolewe siku 10 hadi 14, miligramu 20 kwa siku, na nusu yake kwa mtoto chini ya miezi 6.

Mkimbize hospitali ukiona hanywi, amelegea, hakojoi, kuna damu, au choo ni kama maji ya mchele na kinamtoka bila kukoma. Njiani endelea kumnywesha.

Kufungua huduma bila jengo

Mti ulinifundisha kwamba kituo cha afya si kuta. Ni mtu anayejua kazi, dawa chache zinazohitajika, maji safi, daftari, na watu kujua ulipo. Baada ya kosa langu tulifuata utaratibu huu, na naupendekeza kwa kila kituo cha Pwani.

Kwanza, tangaza mahali pa muda siku ile ile, hata kama ni chini ya mwembe. Tuma ujumbe kwa mzee wa kijiji, kwa mwalimu, kwa misikiti na makanisa.

Pili, weka pembe ya kuwanywesha wanaoharisha, mbali na akina mama wajawazito na watoto wa chanjo.

Tatu, tenga dawa. Zilizoloa ziwekwe kando zihesabiwe, zisitolewe kwa huruma. Kuhusu chanjo, friji ikizima usiifungue fungue. Chanjo nyingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Vichupa vingi vina alama ya duara na mraba ndani yake. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara chanjo bado yafaa, ukishakuwa rangi moja na duara au kukoza zaidi, usiitumie.

Nne, watafute wagonjwa wa dawa za kila siku. Hawa ndio husahaulika. Mtu wa kisukari, wa presha, wa kifua kikuu, anayetumia dawa za virusi vya ukimwi, dawa zake zimekwenda na maji na yeye anaona haya kusema. Kukatiza dawa kwa wiki mbili kunaweza kumuua mtu ambaye mafuriko hayakumgusa.

Tano, wajawazito. Jua ni nani anakaribia, na ng'ambo gani ya korongo analala. Oltepesi tuliwaomba wale wa miezi ya mwisho wahamie kwa jamaa walio upande wa barabara kabla mvua nyingine haijashuka.

Kazi hii hawezi muuguzi mmoja. Wahamasishaji wa afya ya jamii, wale ambao serikali iliwazindua Septemba 2023 wakiwa karibu 100,000 nchi nzima, ndio waliopita boma kwa boma. Wanazijua nyumba. Mhamasishaji mmoja mwenye daftari na simu huona kipindupindu mapema kuliko hospitali, kwa sababu yeye husikia kwamba watu wawili wa boma moja wameharisha usiku mmoja. Taarifa hiyo ikifika siku ile ile, maradhi huzimwa yakiwa cheche.

Na chanjo ya surua isisahaulike. Watu wengi wakikusanyika mahali pamoja, surua huenea kama moto wa nyasi. Kenya mtoto huchanjwa akiwa na miezi 9 na tena miezi 18. Kambini inaweza kuamuliwa kuanza mapema, miezi 6.

Mifugo nayo ni afya yetu

Homa ya Bonde la Ufa iligunduliwa hapa hapa Kenya, karibu na Naivasha, na kuelezwa mwaka 1931. Mayai ya mbu wake hukaa ardhini miaka, yakingoja mafuriko. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliamsha mlipuko mkubwa kaskazini mashariki. Mwisho wa 2006 ukarudi Garissa, ukashuka hadi Tana River na Kilifi, na ulipokwisha mwaka 2007 zaidi ya watu 150 walikuwa wamekufa Kenya.

Dalili ya kwanza haionekani zahanati, huonekana zizini: kondoo na mbuzi wengi wanaharibu mimba kwa pamoja na wana wachanga wanakufa. Mchungaji ndiye daktari wa kwanza hapo. Akiona hivyo amwambie afisa wa mifugo na wa afya siku hiyo hiyo. Mnyama mgonjwa asichinjwe, damu isiguswe kwa mikono mitupu, maziwa yachemshwe, nyama ipikwe iive. Mifugo huchanjwa kabla ya mlipuko. Mlipuko ukishaanza, sindano moja ikipita mnyama hadi mnyama yaweza kuusambaza.

Nilipolieleza hili barazani Oltepesi, wazee walikuwa wakali kwangu. Mtu aliyepoteza ng'ombe kwa ukame, ukamwambia asile mbuzi aliyekufa, ni kama unamtukana. Mmoja akauliza, "Na watoto wale nini?" Ni swali la haki. Ushauri wa afya usioandamana na chakula hauna miguu. Wanaopanga misaada walijue hilo.

Neno kuhusu maiti

Kila maafa huzuka hofu kwamba maiti wataleta magonjwa, watu wakaanza kuzikwa kwa pamoja bila majina. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wamelisema mara nyingi: waliokufa kwa kuzama au kuangukiwa na nyumba hawaleti mlipuko. Wanaohitaji tahadhari ya pekee ni waliokufa kwa maradhi kama kipindupindu au ebola. Kwa hivyo pana nafasi ya kumtambua marehemu, kumwosha na kumzika kwa heshima na jina lake. Familia isiyojua kaburi la wake hubaki na kidonda kisichopona.

Wenzetu wanatuambia nini

Kimbunga Idai kiliipiga Beira, Msumbiji, Machi 2019. Kipindupindu kikatangazwa kabla ya mwezi kwisha. Ndani ya siku chache, mwanzoni mwa Aprili, chanjo ya matone ilianza kutolewa kwa mamia ya maelfu ya watu, huku vituo vya kunyweshea vikifunguliwa mitaani. Waliougua walikuwa zaidi ya 6,000, lakini waliofariki walikuwa 8. Idadi hiyo inaonyesha tofauti kati ya kuugua na kufa: wengi waliugua kwa sababu ya maji, wachache wakafa kwa sababu huduma iliwahi.

Kwetu Tana River mwaka 2024 wagonjwa wa kipindupindu walifika zaidi ya 40 mafuriko yalipokuwa bado hayajakauka. Kaunti hiyo ilikuwa miongoni mwa nne zilizopata chanjo ya kipindupindu Februari 2023, pamoja na Garissa, Wajir na Nairobi. Chanjo husaidia, lakini haichimbi choo wala haitii dawa kisimani.

Kabla ya mvua ijayo

Nyumbani, weka mfuko mmoja usioingia maji: dawa zako za kila siku za wiki mbili, kadi ya kliniki ya mtoto, kitambulisho, pakiti za chumvichumvi, dawa ya maji, tochi, na namba ya bure ya Msalaba Mwekundu, 1199.

Kijijini, chagueni mapema mahali palipoinuka ambapo huduma zitahamia kituo kikifurika. Yajueni majina ya wajawazito, wazee na wagonjwa wasioweza kutembea. Dawa zipandishwe rafu za juu sasa, kabla ya masika. Visima viinuliwe midomo na vifunikwe.

Kwa kaunti zetu, ombi langu ni moja. Bajeti ya dharura isiishie kwenye mahema na unga. Wiki ya kwanza peleka klorini, chumvichumvi na mafuta ya gari la chanjo, na mlipe mhamasishaji wa afya posho yake kwa wakati. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na wodi moja ya kipindupindu.

Mama yule wa Oltepesi nilimwona tena kabla sijahama. Mtoto alikuwa akitambaa chini ya mgunga, anakula mchanga kama watoto wote. Meza yetu ilikuwa imerudi ndani, sakafu imekauka, chaki yangu mlangoni bado inaonekana kwa mbali. Nikachukua kitambaa nikaifuta. Kisha nikaandika upya: kituo kikifurika, tutafuteni chini ya mti.